Kadi ya Picha kwa Basi la Baba

Jumatano, 4 Oktoba

Usukani wa mchezo wa kompyuta umefika kutoka Batam. Kaka Danang ametuma na pedali zake, na ujumbe mfupi: Endah, mfungie Baba ajizoeze. Aliye mbali hakosi mawazo mazuri.

Baba hajaendesha tangu Julai, alipopatwa na kiharusi. Miaka ishirini na saba ya basi la Surabaya–Yogya, sasa anashinda barazani. Mkono wa kushoto umerudi, mguu umerudi, maneno yamerudi. Jumatatu tarehe 16 daktari wa kampuni atampima. Akifaulu, anarudi barabarani. Asipofaulu — sitaki kuandika.

Nikaufunga usukani mezani, nikawasha kompyuta yangu ya enzi za chuo. Mchezo una barabara ile ile ya Baba, vijana wameichora mpaka vibanda vya kuuza tahu za soya. Alipoushika tu, mgongo ukanyooka. Miezi mitatu sijauona mgongo ule.

Kabla hajatoka stendi ya Bungurasih akamgonga mtu wa pikipiki. Akaanza upya. Akagonga mwingine.

Akasema hakuwepo mtu, katokea hewani.

Ni kweli picha inakwamakwama. Kadi ya picha imezeeka, haiwahi kuchora barabara. Nikamwambia kosa ni la mashine. Akafurahi. Nikafurahi na mimi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Jengo la kompyuta, ghorofa ya tatu, dukani kwa Mbak Titik, dada wa wateja wote. Mama wa makamo, anauza huku anatafuna karanga. Akauliza mchezo gani. Basi? Alidhani nataka wa vita.

Akaniwekea kadi mbili. Moja ina feni tatu, nzito kama tofali, inakula wati mia tatu peke yake. Ya pili ndogo, feni moja, wati mia na kidogo. Danang kwenye simu anasema chukua kubwa, usimbanie Baba. Danang hakai nyumba yenye mita ya wati mia tisa! Pampu ikiwaka na sufuria ya wali ikiwaka, hiyo ya feni tatu ingetutia gizani.

Nimechukua ndogo. Mbak Titik akauliza pawasaplai yangu, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, ni ya wati ngapi. Sikujua. Akanionya nisiondoke kabla hatujaiangalia. Nikaondoka. Nilikuwa na haraka ya kumwona Baba akiendesha.

Jumapili, 8 Oktoba

Kadi imeingia. Picha safi — dakika nne. Kisha kompyuta ikazimika yote, kama mtu kachomoa waya. Nikawasha. Ikazimika. Mara ya nne Baba aliondoa mikono usukanini, akaenda kulala akiangalia ukuta. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Baba hajatoka chumbani. Kampuni wamepiga kuuliza kama tarehe 16 atafika. Nimesema atafika. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimebeba kompyuta nzima kwenye pikipiki mpaka kwa Mbak Titik. Akafungua, akaitoa pawasaplai, akainusa. Imeungua. Kadi mpya ilikuwa inaomba umeme ambao mzee huyu hana.

Akanipa mbili nizipime kwa mikono. Moja imeandikwa 750 kwa herufi kubwa, haina jina la maana, nyepesi kama boksi tupu. Nyingine 550, nzito, dhamana miaka mitano.

"Wati za kwenye karatasi hata mimi naweza kuandika," akasema. "Chukua hii nzito."

Nikaichukua. Wakati anaifunga akauliza nani anaendesha. Nikamweleza: basi, kiharusi, daktari wa kampuni. Akaacha kutafuna. Akauliza kama Baba anaona vizuri. Nikajibu macho yake hayana shida, hospitali alisoma herufi zote. Akaendelea kukaza skrubu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Imewaka. Nimezima pampu na sufuria ya wali, hakuna kilichokatika. Saa nzima bila kuzimika. Picha imetulia kama dirisha, unaona mpaka matone kwenye kioo.

Akatoka stendi. Nimesimama nyuma ya kiti chake. Pikipiki nyekundu inakuja kushoto, naiona vizuri kabisa, iko mbali, ina muda wote wa dunia. Baba hakuiangalia. Akaigonga. Kufika mji wa Mojokerto kagonga kibanda cha kushoto. Kufika Jombang kagonga watoto wa shule — kushoto. Upande wa kulia hajagusa hata kitu kimoja. Kulia anaendesha kama zamani.

Mchana alikula nusu ya sahani. Nusu ya kulia. Wali na tempe za soya za kushoto zimebaki, zimekatwa mstari kama kwa kisu. Nikaigeuza sahani. Akasema, kumbe kipo kingine, akamaliza.

Nikaenda kukaa jikoni. Si kadi, ni Baba: vya kushoto havipo kwake.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimempigia Danang, nimemweleza. Akaniuliza kama nina hakika. Akasema nisimwambie, daktari atamwambia. Nikamuuliza, na daktari asipogundua?

Baba kanyoa ndevu leo. Shavu la kulia tu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Anasema kadi bado ni dhaifu.

"Nduk, mwulize yule mama wa duka kama ana kubwa zaidi." Ananiita Nduk, binti, kama nilipokuwa mdogo. "Hii inaficha watu."

Nikasema, Baba, watu wapo, mimi nawaona. Akanitazama kama anavyomtazama utingo aliyelewa.

Sikuendelea. Nilipaswa kuendelea.

Jumapili, 15 Oktoba

Amepiga pasi sare yake mwenyewe. Kesho saa mbili. Sasa anaendesha, ameshapita mji wa Nganjuk.

Nimevuta kiti nikakaa kushoto kwake, karibu kabisa, daftari magotini. Nikimtajia pikipiki anakwepa. Amezikwepa tatu. Nikinyamaza anagonga.

Amesimamisha basi. Anatazama mlangoni, kulia, nilikokuwa nimesimama mwanzo.

"Nduk? Umekwenda wapi?"

Nimemwambia nipo hapa. Amegeuka kulia tena. Anaangalia nyuma ya pazia. Nimenyoosha mkono, nimemgusa bega la kushoto, na bado ananitafuta.