Mwaka Huu Usikandike

Kilosa, Oktoba 2009

Mke wangu mpendwa, Mama Kulwa,

Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nifunge mlango wa nyumba uliyoichora, nikaja huku kwa binti yetu Kulwa kutibiwa macho. Ufunguo nilimwachia jirani yetu, Mayu Nkwimba, nikamwambia nitarudi kabla ya kuvuna pamba. Macho yalipona kiasi. Magoti yakafuata. Siku hizi hata kushuka barazani ni jambo la kupangiwa siku.

Nakumbuka tulipojenga. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia Bariadi na malori yao, na kila aliyeuza vizuri alirudi nyumbani na saruji. Wewe, msanifu majengo, ukataka matofali mabichi ya udongo wa shamba letu wenyewe. Tulipochimba pakawa lambo la kunyweshea ng'ombe. Ukachora kuta nene, upenu mpana, na dirisha la sebule likitazama zizi, maana ulisema umeolewa na mtu asiyepata usingizi bila kuwaona ng'ombe wake. Wapita njia wa Lagangabilili walisimamisha baiskeli kututazama. Mayu Nkwimba ndiye aliyethubutu kuuliza, akikuita mama kwa Kisukuma: "Mayu, umesoma kote huko ukaishia kwenye matope?"

Ukampa ndoo. "Nimeishia kwako, mayu. Shika upande huo."

Akashika. Tangu hapo, kila kiangazi kabla ya mvua, mlikandika kuta pamoja kwa udongo na samadi mbichi, mkiwasengenya waume. Jina langu nililisikia mara nyingi kupitia lile dirisha. Ulipofariki aliendelea peke yake. Kwetu ukuta usiokandikwa hutangaza kwamba wenyewe wamekwisha, naye hakutaka ukuta wako utangaze hivyo.

Kila mwaka hunipigia simu, nami humjibu: kandika, mayu, naja. Juzi kapiga tena. Tukasalimiana kwa Kisukuma, kisha tukaulizana habari za mvua.

"Baba Kulwa, mgongo umekataa," akasema. "Kama unakuja, nitakandika hata kwa kukaa chini. Kama huji, niambie."

Nilimwomba anisubiri hadi Jumapili. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Kulwa anashauri tutafute fundi aipige nyumba plasta ya saruji. Nimekataa; fundi huyo ungemfukuza. Siku tuliyomaliza kuezeka nilikuuliza nyumba hii itadumu muda gani. Ulikuwa unajipangusa vumbi, hukunitazama. "Maadamu kuna mtu wa kuikandika," ulisema. "Akikosekana, iacheni irudi shambani." Nilidhani unatania.

Basi Jumapili nitamwambia apumzike. Awaite vijana washushe mabati, yawe yake. Jiko lake linavuja. Kazi iliyobaki wataifanya mvua na mchwa. Minyaa inayozunguka kaburi lako aiache ilivyo, haihitaji mkono wa mtu.

Nimechoka, mke wangu. Magoti yanachosha, lakini kusema "naja" kila mwaka kumenichosha zaidi. Nilitaka nilazwe ubavuni mwako. Kulwa amekwisha kunionyesha mahali hapa Kilosa ambapo wajukuu watafika kwa miguu, nami nimekubali.

Dirisha letu likianguka pamoja na ukuta, kutoka hapo ulipolala utaliona zizi bila kizuizi. Niangalizie. Mimi sitarudi.

Mumeo,
Baba Kulwa