Ukurasa wa Usoke

Mpagazi wangu Maganga,

Usinijibu. Najua ungependa, maana tangu tujuane hukuwahi kuniachia neno la mwisho, lakini leo kaa kimya nikueleze. Mvua imeanza Tabora tangu asubuhi, ile nyepesi inayolowesha bila kelele, na wateja hawaji. Nimekaa nyuma ya cherehani, kitenge cha mtu kiko mapajani, simu iko juu ya kitenge, na kwenye simu nimefungua tovuti yetu ya njia ya misafara. Ndivyo ninavyokutembelea siku hizi, kwa sababu Usoke ni mbali na kaburini hakuna mtandao. Hata ulipokuwa hai ulikuwa huupati, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Unaona? Bado nakutania. Nani mwingine akutanie, kama si Mzaramo? Utani huu tumeukuta. Mababu zako walishuka pwani na mizigo kichwani, mababu zangu wakawacheka walivyoishangaa bahari, wenyewe wakacheka walivyotuona hatuwezi kutembea hata siku moja bila kuulizia kivuli. Sisi wawili tuliendeleza tu. Mimi nilikuita mpagazi, wewe uliniita mla nazi, na mkeo alikuwa akitusikiliza kwenye simu anadhani tunagombana.

Siku ya mazishi nilikuvalia koti. Lile koti la mvua la kijani, na kofia yako, kama inavyompasa mtani kumwigiza marehemu. Nikapita katikati ya waombolezaji nimeinua simu juu, shingo nimeipinda, nazunguka nyumba yako natafuta mtandao, nasema, "Haloo, haloo, Urambo mnanisikia?" Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Mama Yohana wako alicheka hadi kanga ikamdondoka, halafu akalia kilio ambacho bado nakisikia. Mimi sikulia, mtani ana kazi nyingine msibani. Nililia kwenye basi la kurudi, na mama mmoja nisiyemjua akanimenyea chungwa.

Sasa nikupe habari za tovuti, maana najua ndizo unazozisubiri.

Pendo ameibadilisha. Usishtuke. Yule binti wa Urambo uliyemfundisha mwenyewe kupakia picha, leo anatufundisha sote. Ule ukurasa wako mmoja mrefu, uliokuwa unashuka na kushuka kuanzia pwani mpaka Ujiji bila mlango wala dirisha, haupo tena. Nilikuwa nakwambia unafanana na stoo ya tumbaku, na wewe unanijibu, "Msomaji atembee. Wazee walitembea kwa miguu, yeye hata kidole kinamshinda?" Sasa kuna ramani. Kila kituo cha misafara kina nukta yake, unaigusa, unaingia kwa watu wa pale. Picha zimepunguzwa uzito ili zifunguke hata kwenye simu ndogo. Sauti za wazee zimetolewa kule chini zilikokuwa zimerundikwa, kila moja imewekwa kando ya maneno yake. Nami nimesaidia kupunguza maandishi. Ile habari ya ng'ombe wa Ziba iliyosimuliwa mara mbili, na mara ya pili ng'ombe wakawa wengi zaidi, nimebakiza moja. Nilikata kama ninavyokata kitambaa, kwanza kwa chaki.

Imependeza, Maganga. Nilitaka nione ubaya wake nikakosa. Mtu anaifungua kabla bando halijaisha.

Ila ukurasa wako mrefu naukosa. Juzi nilisinzia hapahapa dukani mchana, saa ile mji unapokuwa kimya baada ya adhuhuri, nikaota naushuka kwa miguu. Maandishi yalikuwa miti ya miombo, yamesimama pande zote mbili, na picha zilikuwa visima, ukichungulia unaona nyuso za watu waliozipiga. Wewe ulikuwa mbele yangu na koti lako. Nilikuita kwa majina yote mabaya ninayoyajua, hukugeuka. Tukapita Tabora, nikaona duka langu kwa mbali, nimo ndani nimelala. Tukaendelea magharibi. Halafu njia ikawa nyeupe tu, haina mti, haina neno, ukaingia kwenye ule weupe na mimi nikashindwa kuinua mguu. Niliamka nina uzi mdomoni.

Nilijua ule weupe ni wapi. Ni Usoke.

Ulizunguka njia nzima kuwabembeleza watu waandike kwao. Ndiyo sheria pekee uliyotuwekea, kwamba hakuna mgeni atakayemwandikia mtu habari za kwao. Ziba waliandika wenyewe, Urambo wenyewe, hata mimi ulinikubalia kuandika Tabora mjini baada ya kuhakikisha babu yangu amezikwa hapa. Lakini Usoke, kwenu, penye wimbo wa kila bani la kukaushia tumbaku na jina la kila mzee aliyekwenda pwani akarudi, uliandika maneno matatu tu: Ukurasa huu unaandaliwa. Tukikuuliza, unasema, "Kwangu nitaandika nikirudi." Ukarudi, ukaugua, ukatuacha na maneno matatu.

Pendo alijaribu. Aliwapigia watu wa Usoke, wakasema wanaisubiri familia. Familia ikasema inawasubiri wazee. Wazee wakasema tuanue tanga kwanza. Tanga likaanuliwa, na bado hakuna aliyegusa. Hakuna aliyethubutu kukaa kwenye kiti chako, ndivyo ninavyoelewa mimi. Mwishowe Pendo akaniambia kwa upole kwamba ukurasa mtupu unaichafua tovuti, wageni wanagusa nukta wanakuta hakuna kitu, bora tuiondoe Usoke kwenye ramani mpaka apatikane mwandishi. Alinitumia picha nijionee mwenyewe. Njia ilikuwa inatoka Tabora inaruka moja kwa moja mpaka Urambo. Nilitazama pale ulipokuwepo, nikaona pamenyooka vizuri, kana kwamba hujawahi kuzaliwa. Nilikasirika mpaka sindano ikanichoma.

Nikampigia Mama Yohana. Nilimwambia ukweli, kwamba watakufuta, kwamba mimi ningeweza kuandika lakini sheria yako inanizuia, mimi si wa Usoke. Akasema, "Ulivaa koti lake mbele ya jeneza, mbele ya mchungaji, leo unaogopa kumwandikia ukurasa? Andika, shemeji. Andika hivyohivyo mnavyoongeaga."

Basi nikaandika hivyohivyo. Niliandika kwamba treni husimama Usoke kwa huruma tu. Niliandika kwamba asali ya Usoke ina sukari kuliko nyuki, kwamba ngoma yao huchezwa kwa kukaa, na kwamba wapagazi wa Usoke walikuwa wa mwisho kufika pwani kila msafara, kwa sababu walisimama kusalimia kila mti. Niliweka na picha yako umeinua simu. Pendo aliposoma aliniuliza kama nina homa. Nikamwambia weka, mtani ana ruhusa.

Maganga, ungekuwepo!

Kulitulia mpaka Jumapili. Nadhani walisomeana walipotoka kanisani. Jumapili mchana simu ya Pendo ikaanza kulia, na haijanyamaza mpaka leo. Bibi mmoja ametuma sauti, ameanza kwa kunisalimia vizuri, "Mwadila," kisha akasema, "Mwambieni huyo Mzaramo aje aonje asali kwanza, ndipo afungue mdomo," na baada ya hapo akaeleza mizinga inavyotundikwa, nani alimfundisha mumewe, na msitu ulikuwa unafika wapi alipokuwa msichana. Mwalimu wa kwaya ametuma ngoma tatu, anadai nizisikilize nimesimama. Mzee mmoja, hasira zimempanda, ameeleza babu yake alivyobeba pembe hadi pwani, akataja kila kambi walipolala kwa jina lake. Pendo aliniambia hayo majina mengine hayakuwahi kuandikwa popote kwenye tovuti. Mwingine alituma picha ya bani jipya la tumbaku akauliza kama na hili nalo limejengwa kwa huruma.

Kila anayenisahihisha, Pendo anafuta uongo wangu na kuweka ukweli wake, chini yake jina lake na la kitongoji chake. Sheria yako imesimama. Wanauandika wenyewe, na wamesahau kwamba walikuwa wanaogopa. Mama Yohana ananiambia jioni watu wanakuja uani kwake kubishana nini kiingie na nini kisiingie, na wanabishana kwa sauti, nyumba imechangamka.

Mimi nafungua kila asubuhi kuona wamenifuta wapi. Ilianza kuniuma, sikufichi. Nilikuwa nimezoea kukaa na wewe pale kwa maneno yetu. Asubuhi moja treni imeondoka, asubuhi nyingine asali, halafu ngoma, halafu wapagazi. Leo imebaki sentensi yangu moja, chini kabisa, ambayo haikuwa hata utani. Niliandika: Hapa ndipo kwao Maganga, na amerudi. Wamepita juu yake wote, wamesahihisha mpaka nukta zangu, hiyo hawajaigusa. Labda hawaoni kosa. Labda bado hawajawa tayari kuisema kwa maneno yao.

Siku watakapokuwa tayari, wataifuta waweke yao. Nakuahidi sitairudisha, wala sitamwambia Pendo airudishe. Nitafunga simu, nitalia kama watu wengine wanavyolia, maana siku hiyo utani utakuwa umemaliza kazi yake na wewe utakuwa umezikwa na watu wa kwenu.

Lala salama, Maganga.

Mimi,
Mwanaidi wako wa cherehani