Kapu la Ngonyani

Alhamisi, jioni

Na barua ilikuwa nzuri. Niliiandika mara mbili: Ngonyani wa hapa Songea aliangukiwa na boriti akijenga boma la Wajerumani, bega likavunjika, tangu hapo hawezi mizigo. Anaomba fidia, na asiandikwe tena upagazi.

Nilimweleza kila kitu. Asimame wapi, aseme lini, bega alioneshe bila kuona haya.

Asubuhi Bwana Mkubwa wa boma alikuwa barazani anaisoma, Ngonyani akatokea na kapu la mahindi kichwani, amelishika kwa mkono mzima, jasho linamtiririka. Bwana akaitazama barua, akamtazama yeye.

"Huyu ndiye asiyeweza mizigo?"

Shauri likaishia hapo. Kesho anaondoka na msafara wa Kilwa.

Nje nilimfokea. Nani alimwambia aje na kapu?

"Ningekujaje mikono mitupu, Mwalimu?" akasema. "Ni lako. Ahsante ya barua."

Kapu liko jikoni. Mke wangu ameshachemsha mahindi machache, tumekula.

Nilimfundisha yote, ila sikumwambia asiniletee kitu. Huwa siwaambii ninaowaandikia.