Utepe Mweusi Juu ya Taa ya Breki

Kaka,

Mwalimu uliyemuuzia gari alipogonga mlango asubuhi, ulijifunika shuka gubigubi ukajifanya umelala. Ndivyo ulivyo tangu utotoni! Nikampokea mimi.

"Dada, breki inazama mpaka chini," akasema, "ila taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi haiwaki. Labda ni woga wangu tu."

Haiwaki kwa sababu uliiziba kwa utepe mweusi, nilikuona. Nikanyamaza kukusitiri. Akaondoka. Anampeleka mama yake kliniki, na barabara yote ni mteremko.

Chai iko kwenye chupa. ~~Ukimaliza kunywa, mpigie.~~ Usinywe kwanza! Namkimbilia kituo cha mafuta, aliposema atapitia. Namba yake unayo wewe peke yako. Sitakusitiri tena. Mpigie sasa hivi, mwambie asimamishe gari hapo hapo alipo.

Dada yako