Wanaokohoa Chini ya Chumba cha Mwaitu

Jumanne, Kitengela. Jua limekaa juu ya mabati tangu asubuhi na halina haraka ya kwenda popote. Upepo hakuna. Mvua tumeisahau.

Naandika nikiwa nimekalia mtungi wa maji, kwa sababu viti viko nje na kitanda cha mama yangu kiko sebuleni. Nitafika hapo. Kwanza niacheni nijisifu kidogo.

Mimi ndiye mtu pekee Kitengela nzima, na nikiongeza Rongai na Kajiado mjini bado ni mimi, anayefuga vyura wa miti ndani ya nyumba. Kama yuko mwingine ajitokeze. Nimeendesha trela miaka kumi na nne, Mombasa mpaka Lubumbashi, nimekula senene Kampala na kulala kwa foleni ya mpakani hadi nikajua majina ya mbwa wa hapo. Shule niliachia kidato cha pili na sioni kitu nilikosa. Hawa vyura walikuja wenyewe. Safari yangu ya mwisho nilibeba ndizi za kupika kutoka Uganda, na nilipoteremsha mkungu wangu hapa nyumbani, walikuwa watatu wamejibandika kwa majani. Kijani. Wadogo kama kidole gumba, macho ya dhahabu. Mtu mwingine angechukua ufagio. Mimi nikawatengenezea sanduku la kioo, nikaweka tawi, majani, na makombe matatu meupe ya konokono kama mapambo. Makombe hayo yana hadithi yake.

Nikawapa vyeo vya chama: Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina. Mweka Hazina ndiye mnene.

Wanakula nzi wadogo ninaowalea kwa ndizi zilizooza. Chura hanywi maji kwa mdomo, anayakalia tu na ngozi inanywa. Kwa hivyo siwapi maji ya kisima, yetu yana chumvi. Nawapa ya mvua, na yakiisha nawapa ya boza, lile lori la maji, yaliyokaa wazi kwa ndoo siku mbili mpaka dawa itoke. Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunamwita mama, husema hajawahi kuandaliwa hata chai kwa uangalifu huo.

Majirani nao wanasema Mkamba akifuga mbwa ni ulinzi, akifuga vyura hicho ni kiwanda cha uchawi. Nawajibu wapange foleni, nitawahudumia wote.

Basi. Nimejisifu vya kutosha.

Chura wa mti hulia jua likizama, tena kukiwa na harufu ya mvua. Hiyo ni sheria yao. Jumatano iliyopita, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, Mwenyekiti akalia. Mara moja tu, kama mtu amegonga glasi kwa kijiko. Halafu akanyamaza kama anayesubiri.

Akajibiwa.

Katibu na Mweka Hazina walikuwa kimya. Sauti ilitoka chumba cha Mwaitu, chini. Nzito, ya polepole, kama mzee anayesafisha koo ndani ya blanketi.

Nikainama chini ya kitanda na tochi. Hakuna kitu. Nikaweka sikio kwa sakafu. Huko nje udongo umepasuka mpaka unaweza kupoteza kiatu, lakini tiles zilikuwa baridi kama chupa ya soda iliyotolewa friji sasa hivi.

Tangu siku hiyo imekuwa kila mchana. Na vyura wangu, ambao maisha yao yote ni kukaa juu kabisa ya kioo kama wabunge, wameshuka. Wote watatu wamelala tumbo chini, kila mmoja juu ya kombe lake, wameangalia ukuta wa chumba cha Mwaitu. Nilizungusha sanduku nijaribu. Kabla nimalize kikombe cha chai, walikuwa wamegeuka tena.

Nikafanya vile mwanaume hufanya. Nikaongeza sauti ya redio.

Mwaitu nilimtoa Makueni miaka miwili iliyopita, mguu ulipomshinda. Chumba hicho nilimjengea yeye. Ni cha kwanza maishani mwake chenye tiles, na mtu haingii na viatu, sheria niliiweka mimi mwenyewe. Jumapili tukinywa chai akaniangalia.

"Mutua, hapa chini mliweka nini?"

"Simiti, Mwaitu. Simiti na chuma, hakuna kingine."

"Simiti haikohoi," akasema, akaendelea kuchovya mkate.

Leo ni siku ya maziwa. Yule anayetuletea ni Koko Naserian, nyanya wa boma lililo nyuma ya ua wetu. Familia yao ndiyo ilikuwa na ardhi hii yote kabla ikatwe ploti. Nikamwamkia kwa Kimaa, maana mimi ni mtu wa dunia: "Takwenya, Koko!" Akajibu, "Iko." Siku zingine huingia moja kwa moja, akawatukana vyura wangu, akakaa. Leo mguu mmoja ulikuwa tayari ndani Mwenyekiti alipolia.

Sakafu ikajibu.

Koko akaweka maziwa chini, taratibu sana, akarudisha mguu nje.

"Bado wako?" akauliza.

"Kina nani, Koko?"

"Hapa palikuwa silanga. Ng'ombe wa baba mkwe wangu walikunywa hapa." Silanga ni bwawa la kuchimbwa, la kunyweshea mifugo. "Malori yakaja na mawe, wakajaza, wakapima ploti. Maji waliyafukuza. Vyura, hakuna mtu aliwaambia."

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni ya zamani, chura gani anaishi miaka yote hiyo chini ya mawe.

Hakucheka. "Mama yako analala wapi?"

Sasa nikiri, maana hii blogu inasomwa na watu tisa na shangazi yangu.

Nilijua.

Siku ya kuchimba msingi fundi aliniita, akaniinulia jembe. Udongo mweusi, unanata, umejaa makombe madogo meupe ya konokono. "Bosi," akasema, "hapa maji yalilala. Tushuke mpaka tupate mwamba, ama tusogeze nyumba." Binamu zangu walikuwa wamesimama hapo. Nilikuwa nimeshawapiga picha kumi. Nilikuwa nimetangazia Makueni nzima kwamba Mwaitu ataingia kwake kabla ya Pasaka. Nikamwambia fundi amwage zege, asinifundishe, mimi nimejenga barabara za Kongo. Barabara za Kongo nimezipita tu, tena nyingine nilikwama. Fundi akamwaga. Mimi nikaokota makombe matatu, nikatia mfukoni, kwa sababu yalikuwa mazuri.

Ndiyo hayo mapambo.

Basi leo, Koko akiwa bado mlangoni, nikaenda chumbani. Mwaitu alikuwa amekaa kitandani, fimbo magotini, kama abiria aliyesikia gari linakuja. Nikamwambia yote. Fundi, jembe, makombe, Kongo. Sijawahi kuongea muda mrefu hivyo bila kuweka utani hata mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na vile ulikuwa unanivua viatu mlangoni," akasema.

Hiyo tu. Angenichapa na ile fimbo ingeuma kidogo zaidi ya hapo, lakini si sana.

Nikamshika mkono, tukatoka. Nikarudi kuvuta kitanda. Miguu mitatu ikainuka sawa. Wa nne, ule wa upande wa kichwa chake, ulikuwa umezama. Nilipounyanyua, tile ikaja nao kama kifuniko, na maji yakapanda polepole. Si mengi, kikombe hivi. Meusi.

Yalinuka ng'ombe.

Hii nyumba haijawahi kuwa na ng'ombe. Yalinuka kundi zima, mavi na matope na maziwa, kama ng'ombe mia wamesimama chumbani na mimi ndiye niliyewaingilia.

Koko alikuwa amekuja nyuma yangu bila mimi kusikia. Akachutama, akachovya kidole, akanusa. Akasema neno moja kwa Kimaa. Nikamuuliza maana yake.

"Ni jina la ng'ombe," akasema. Akafuta kidole kwa shuka yake, akaenda zake. Mpaka saa hii sijui kama alikuwa anamkumbuka au anamwita.

Sakafu imenyamaza tangu hapo. Vyura wangu wamepanda juu ya kioo, mahali pao, kama watu waliomaliza kikao.

Nimempigia yule yule fundi. Nikamwambia, "Ulikuwa umesema ukweli." Miaka kumi na nne ya barabara sijawahi kumwambia binadamu maneno hayo, hata trafiki. Hakunicheka. Anakuja kesho asubuhi tuvunje sakafu yote, tuone iko nini na ni kiasi gani. Akauliza abebe nini. Nikasema nyundo kubwa. Nikasita, nikaongeza: na ndoo. Akasema ataleta na pampu.

Mwaitu amejilaza sebuleni, karibu na sanduku la vyura. Amelala na viatu, nami nimemfunika hivyo hivyo.

Makombe nimeyatoa. Yako mfukoni mwangu sasa, na mfuko umelowa ingawa niliyapangusa mara mbili. Kesho sakafu ikifunguka nitayarudisha kwanza, kabla ya pigo jingine la nyundo, kabla ya fundi kusema chochote. Mimi ni mtu wa maneno, wote mnajua, na nimekaa juu ya huu mtungi tangu saa tisa nikitafuta ya kuwaambia wale wa chini.

Nafikiri nitaanza na pole.