Jumuiya ya Jumamosi

Mama, shikamoo. Bunju joto halina huruma, na miguu imevimba kwa kushinda foleni ya uhamiaji, nikimwombea mkweo aongezewe muda wa kukaa. Majibu hamna. Nimechoka, mama.

Jana mezani shangazi alimgeukia: "Mkwe, nyie mtaingia lini jumuiya?" Kwa Kiswahili chake cha Karonga akajibu kwa heshima kuwa Malawi bado inafikiria, wakubwa wanasema huenda ikaingia hiyo ya Afrika Mashariki, huenda isiingie. Shangazi akaweka kijiko chini. "Malawi imefuata nini hapa? Nasema jumuiya yetu ya kusali, kesho alfajiri, kwa mama Anna!"

Basi leo tumekwenda. Hakuna aliyemuuliza pasipoti. Wamempigia makofi, wamempa chai na mihogo, na kabla hajamaliza kikombe wamempa zamu: Jumamosi ijayo watasali kwetu. Ameitikia kwa furaha, mie nikainama. Muda wake unaisha Ijumaa.

Shangazi keshanunua sukari ya wageni. Alhamisi tutalala kwako Kyela, mama yangu kipenzi, tukielekea mpakani. Tupikie ndizi, ila usimuulize mkweo habari za jumuiya.

Mwanao,
Tusa