Kofia Juu ya Jeneza la Honorato

Serra do Umbu,
Jumatano, baada ya misa ya siku ya saba

Mpendwa mdogo wangu Jandira,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mguu wako umeacha kuvimba. Mimi ninakula, usingizi bado ni wa kuibia, na mbuzi wote wapo. Mwanao Clécio umsalimie. Nasikia siku hizi anavaa shati jeupe kila siku.

Ulisikitika kwamba hukuwahi mazishi ya mume wangu Honorato, basi nikusimulie. Watu walijaa mpaka barabarani. Jirani yangu Marinalva alipika mahindi ya mvuke na kahawa, akawa anawafokea wanaume waliojibanza kivulini kwamba kama wamefuata chakula tu, basi wakaoshe na sahani. Nilicheka, Jandira, nimekaa kando ya jeneza. Honorato naye angecheka.

Gari lake la matangazo lilikuwa mlangoni, kimya. Unajua hapa kwetu mtu hahesabiwi kuwa amekufa mpaka gari lile lipite mitaani na kutaja jina lake. Mtangazaji alikuwa yeye, kwa hiyo siku hiyo tulibaki tunatazamana nani atamtangaza. Mwishowe fundi baiskeli alijitolea, jua likiwa limeshapanda.

Lakini kabla gari halijawashwa, Mheshimiwa Deodato Quirino alikuwa ameshafika kutoka mji mkuu, na suti yake nyeusi na boksi mkononi. Safari ile unaijua ilivyo ndefu. Nikajiuliza kaambiwa na nani.

Unakumbuka alivyoanza, mtoto wa mwenye duka la dawa. Akawa diwani, akawa meya, kisha bunge la jimbo, muhula baada ya muhula. Honorato alikuwa akitania kwamba compadre wake hashindi kwenye sanduku la kura, anashinda kwenye sanduku la maiti. Na alijua alilolisema, kwa sababu mtu akifa, Honorato alimpigia simu Mheshimiwa kwanza, ndipo akatangaza. Mheshimiwa alifika kabla ya ndugu wa marehemu, akabeba jeneza upande wa mbele, akalia.

Ikawa hivyo hadi alipokufa mtoto mchanga wa Marinalva. Siku ile Mheshimiwa alimwomba mama wa mtoto aondoe kitambaa usoni, picha ipigwe tena. Honorato alirudi nyumbani, akaikata nyaya spika iliyoimba wimbo wa kampeni, na tangu hapo hawakusalimiana, ingawa Mheshimiwa ndiye aliyemsimamia mtoto wetu Socorro ubatizo, ndipo wakaitana compadre. Mji mzima unajua.

Ndiyo maana nilimshuku kila mtu kwamba ndiye aliyempasha habari. Nilimshuku padri, nikamshuku muuguzi. Hata Marinalva, Mungu anisamehe, nilimtazama kwa jicho la shaka alipokuwa akimimina kahawa.

Mheshimiwa akafungua boksi, akatoa kofia mpya ya ngozi, akaiweka juu ya jeneza. Kwa sauti ya kutetemeka aliwaambia watu kwamba compadre Honorato, katika pumzi yake ya mwisho, aliomba kofia yake kama mwanamume anayeanza safari, na yeye ndiye amemletea. Watu walilia. Mzee Tertuliano alinong'ona nyuma yangu, “Huyu angelia hata kwenye msiba wa mbu.” Marinalva alinitazama tu, birika mkononi.

Kisha Mheshimiwa akanikumbatia. Aliniambia sikioni kwamba Jumapili hii inayokuja anamtambulisha binti yake Thaís, arithi kiti chake. Mimi nipande jukwaani nimkabidhi binti kofia ile, basi, wala nisiseme neno. “Comadre, wakikuona wewe tu, wataelewa kwamba mimi na marehemu tulipatana.”

Sikiliza, Jandira. Honorato hakuomba kofia.

Alfajiri ile alipokufa nilipokupigia, wewe wa kwanza kabla ya mtu yeyote, nilikwambia aliomba kofia kwa sababu ndivyo nilivyosikia katika kulia kwangu. Nilipokata simu, Marinalva, aliyekuwa amekishika kichwa cha Honorato, aliniambia nimesikia vibaya. Midomo ilikuwa imekauka, neno likatoka nusu. Aliomba kahawa. Tulicheka huku tunalia, nikamwekea kikombe pembeni ya mto. Kila niliyemsimulia baada ya hapo nilimwambia kahawa. Kofia nilikupa wewe peke yako.

Sikuulizi. Najua shati jeupe la Clécio limetoka ofisi ya nani, na mama humfanyia mtoto wake anachoweza. Lakini Honorato alikufa hajapatana na mtu yule, na jukwaani sitapanda.

Kofia nimeifunga pamoja na barua hii. Mpe Clécio amrudishie Mheshimiwa wake. Usimkemee mtoto.

Na siku yangu ikifika, naomba gari lipite mitaani kwanza. Wewe usimpigie mtu. Njoo mwenyewe, ukae karibu na kichwa changu. Marinalva nimeshamwambia akuwekee kahawa.

Socorro anakusalimu, na Marinalva pia. Mpe shemeji pole zangu za mgongo, na wewe usisimame sana kwa mguu huo.

Ni mimi dada yako anayekupenda bado,
Lindaura